Kabla ya kupanda kifurushi, ipimwe ruta

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa huu ulichapisha barua ya msomaji wa Morogoro aliyelalamika kwamba intaneti ya nyumbani kwake ni nzuri kabisa mpaka anapowasha VPN ya kazini. Akishaiwasha, faili lililokuwa lishuke kwa dakika chache linamchukua nusu saa. Alimalizia kwa kusema kwamba mwisho wa mwezi atapanda hadi kifurushi kikubwa zaidi. Naomba nafasi nimjibu, yeye na wengine wengi wenye shida hiyo hiyo, kabla hajatoa pesa ambayo naamini haitamsaidia.

Mimi ni fundi wa mitandao, nina duka dogo Ngamiani, Tanga. Navuta nyaya, nafunga ruta, natafuta kwa nini waifai ya sebuleni haifiki chumbani. Zamani aliyekuja kwangu na habari za VPN alikuwa mtu wa benki au wakala wa forodha wa bandarini. Siku hizi ni mtu na meza yake nyumbani: dada anayefunga hesabu za kampuni iliyoko Ulaya, kijana anayesikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuingia maktaba ya chuo akiwa kwao. Kwa watu hawa VPN ndiyo mlango wa ofisi. Ikikokota, kazi inakokota na malipo yanachelewa.

Kwa asiyeijua, VPN ni njia ya faragha inayopitishwa ndani ya intaneti ya kawaida. Kila kinachotoka kwenye kompyuta yako kinakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kinasimbwa, yaani kinafichwa kwa hesabu, kinafungwa ndani ya pakiti nyingine, kinapelekwa hadi seva ya ofisi, na huko ndiko kinakofunguliwa. Kwa hiyo zimeongezeka kazi mbili: kusimba na kufumbua kila pakiti, na kuipitisha kwenye seva hiyo hata kama unachokitafuta kiko Dar es Salaam. Kasi hupotea katika kazi hizo mbili. Na katika nyumba ninazoingia mimi, mara nyingi inapotea katika ile ya kwanza, ndani ya ruta, kile kiboksi cheupe chenye antena mbili kilicho juu ya kabati la televisheni.

Nitoe mfano wa mteja wangu wa Raskazone. Ni mhasibu, anaifanyia kazi kampuni ya mizigo ya Ujerumani ambayo seva yake iko Frankfurt. Alikuwa na laini ya faiba ya megabiti 50 kwa sekunde, na kila jioni hupakua faili la hesabu la gigabaiti 2 hivi. Lilikuwa linamchukua zaidi ya nusu saa. Akapiga simu kwa kampuni inayompa huduma, akaambiwa apande kifurushi. Akapanda hadi megabiti 100. Faili likaendelea kuchukua zaidi ya nusu saa.

Nilipofika aliniuliza, “Fundi, nimelipia mia, napata saba. Zile nyingine zinakwenda wapi?”

Nikamuuliza, “VPN umeiweka wapi, dada? Kwenye laptopu au kwenye ruta?”

“Kwenye ruta. Kijana wa ofisini alinielekeza kwa simu, ili kompyuta na simu zote zipite humo humo.”

Nikachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu, tukazima VPN, tukapima. Megabiti 94. Matundu ya ruta ile ni ya megabiti 100, na tundu la namna hiyo halitoi zaidi ya 94 au 95, kwa hiyo laini yake ilikuwa nzima kabisa. Tukawasha VPN, tukapima kwa waya ule ule: megabiti 7. Kisha nikafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, sehemu inayoonyesha hali ya mfumo, nikaiacha wazi upande mmoja wa skrini huku yeye anaanza kupakua faili lake upande wa pili. Namba ya matumizi ya prosesa, yaani ubongo wa ruta, ilikuwa asilimia 4. Faili lilipoanza kushuka ikaruka hadi 60, 90, 100, ikaganda pale pale kwenye 100 muda wote. Tukasimamisha faili, ikarudi 4. Tukaanza tena, ikapanda tena hadi 100. Nikamwambia, “Dada, wala si laini. Ruta ndiyo imefika mwisho wa nguvu zake.”

Hapa naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo linalowachanganya watu, na wakati mwingine hata wanaopokea simu za wateja. Mtu anajiuliza: ruta imeweza kupitisha megabiti 94 bila VPN, inakuwaje ishindwe kupitisha hata 10 ikiwa na VPN? Jibu ni kwamba data ya kawaida haiipi prosesa kazi kubwa. Ruta nyingi za nyumbani zina njia ya mkato ndani ya chipu: muunganisho ukishatambuliwa, pakiti zake hupita moja kwa moja kwenye sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na prosesa haiguswi. Pakiti za VPN haziwezi kutumia njia hiyo. Kila moja lazima ipelekwe kwa prosesa, ifumbuliwe kwa hesabu ndefu, ikaguliwe kama haikuchezewa, ndipo iruhusiwe kupita. Ni kama ofisi yenye geti kubwa la magari na karani mmoja wa kugonga mihuri: siku ambayo kila gari linatakiwa lipate muhuri, upana wa geti hauna maana tena.

Na makarani wenyewe si sawa. Ruta ya mteja wangu ilikuwa na prosesa ya megahezi 580, yenye kiini kimoja, isiyo na amri maalumu za AES, usimbaji unaotumiwa na VPN nyingi. Laptopu za kawaida zina amri hizo ndani ya prosesa. Intel walianza kuziweka mwaka 2010. Ndiyo maana laptopu iliyonunuliwa mtumba inaweza kuishinda vibaya ruta mpya iliyotoka kwenye boksi leo asubuhi. Juu ya hapo, programu aliyowekewa ni OpenVPN, ambayo imekuwapo tangu 2001. Ni programu ya kuaminika, sina neno nayo, lakini kwa muundo wake wa kawaida inafanya kazi nje ya kiini cha mfumo endeshi, kwa hiyo kila pakiti inaingizwa na kutolewa, inaingizwa na kutolewa, na inatumia kiini kimoja tu cha prosesa hata kama ruta ina vinne. Toleo la 2.6 la Januari 2023 limeleta njia ya kuihamishia kazi hiyo ndani ya mfumo endeshi, lakini ruta tunazopewa na kampuni za simu na faiba mara nyingi zina matoleo ya nyuma sana.

WireGuard ni habari nyingine. Iliandikwa na Jason Donenfeld, na tangu Machi 2020 imo ndani ya Linux yenyewe, kuanzia toleo la 5.6. Inafanya kazi ndani ya mfumo endeshi, na inatumia usimbaji uitwao ChaCha20, ambao ni mwepesi kwa prosesa ndogo zisizo na amri za AES. Kwenye ruta dhaifu ile ile inayotoa megabiti 7 au 8 kwa OpenVPN, nimeona WireGuard ikitoa 30 na zaidi. Kwenye ruta yenye viini vinne vya kisasa, inapitisha mamia ya megabiti. Kama ofisi yako inakupa nafasi ya kuchagua, chagua hiyo. Kama haikupi, waombe. Nimeshaona ofisi zikikubali kwa barua pepe moja ya heshima iliyoambatana na vipimo.

Kwa dada wa Raskazone ofisi ilibaki na OpenVPN, kwa hiyo tulichofanya ni kuiondoa kwenye ruta na kuiweka kwenye laptopu. Kasi ikapanda kutoka 7 hadi 22. Yeye alifurahi akataka kunipa chai. Mimi sikuridhika, kwa sababu prosesa ya laptopu ilikuwa imetulia kwenye asilimia 15 na laini ilikuwa bado ina nafasi tele. Kitu kingine kilikuwa kinazuia.

Nikafungua faili la mipangilio ya VPN, nikakuta mstari uliosema TCP, ambao ni utaratibu mmoja wa kusafirisha pakiti, na bandari 443, yaani namba ya mlango zinakopitia. Kuna sababu ya ofisi kuchagua hivyo: bandari hiyo ndiyo ya tovuti za kawaida zenye usalama, kwa hiyo inapita hata kwenye hoteli na viwanja vya ndege vinavyofunga nyingine. Lakini TCP ina tabia ya kusubiri. Inatuma kiasi fulani, inangoja ijibiwe kwamba vimefika, ndipo inaendelea. Pakiti moja ikipotea njiani, zilizo nyuma yake zinasimama mpaka irudiwe. Sasa ndani ya VPN unapopakua faili, faili lenyewe nalo linakuja kwa TCP. Unapata TCP ndani ya TCP: ya ndani inaona kimya, inadhani pakiti zimepotea, inapunguza kasi na kurudia kutuma, ya nje nayo inarudia. Pakiti moja ikipotea baharini, zote mbili zinahangaika.

Na sisi tuko mbali. Kutoka Tanga hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa takriban 6,800. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama waya ungenyooshwa kama rula, kwenda na kurudi kungechukua karibu milisekunde 70. Haujanyooshwa. Unashuka Dar es Salaam, unaingia kwenye mkongo wa baharini, unazunguka, na nikipima nyumbani kwa mteja napata milisekunde 150 hadi 180. Chukua programu ya zamani ambayo mipangilio yake inaruhusu kilobaiti 64 tu ziwe njiani kabla ya jibu kurudi. Kilobaiti 64 kwa kila milisekunde 160 ni megabiti 3 na ushei kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi yako kwenye seva hiyo, uwe umelipia megabiti 20 au 200. Mtu wa Uholanzi aliye milisekunde 10 kutoka kwenye seva ile ile, kwa mipangilio ile ile, anapata megabiti 50 na hajui kwamba kuna tatizo. Ndiyo maana mtaalamu wa ofisini anapokwambia “huku kwetu inafanya kazi vizuri” anasema kweli, na bado hajakusaidia.

Dada aliwaandikia ofisini kwake, wakamwekea njia ya UDP, utaratibu mwingine unaotuma pakiti bila kungoja kujibiwa. Laptopu ile ile, waya ule ule: megabiti 61. Faili lake la jioni likashuka kwa chini ya dakika 5. Mwezi uliofuata alirudi kwenye kifurushi chake cha 50, na bado anapata zaidi ya 40 ndani ya VPN. Ile tofauti ya bei aliyokuwa akiitoa ilikuwa ya bure.

Kuna kosa jingine ambalo nalikuta zaidi kwa wanaotumia ruta za laini ya simu, zile za 4G. Hili lina dalili zake, na dalili zake ni za ajabu. VPN inaunganika bila matatizo. Ujumbe mfupi unapita. Ukurasa wa tovuti unaanza kufunguka, kichwa kinaonekana, halafu unasimama. Faili linaanza kushuka kwa nguvu, linafika mahali, linakwama, linashtuka, linakwama tena. Mteja anasema mtandao “unakatika-katika”. Haukatiki. Pakiti ni kubwa kuliko mlango.

Kwa kawaida pakiti moja kwenye mtandao wa waya haizidi baiti 1,500. Laini nyingi za faiba zinazoingia kwa jina na nywila, yaani PPPoE, zinakula baiti 8, zinabaki 1,492. Laini za simu nazo zina makato yao. WireGuard inaongeza baiti 60 za kujifungia juu ya kila pakiti, na kwa kawaida inajipangia 1,420. Ukijumlisha 1,420 na 60 unapata 1,480. Kama laini yako inaishia 1,430, pakiti hiyo haipiti nzima. Ama inakatwa vipande viwili, ama inatupwa kimya kimya.

Kulijua hili hakuhitaji fundi. Nilimwonyesha mwalimu mmoja wa Muheza, na sasa anawapimia majirani. Zima VPN. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika ping -f -l 1472 halafu nafasi na anwani ya tovuti yoyote inayojibu. Amri hiyo inatuma pakiti na kukataza isikatwe. Ikijibu kwamba pakiti inahitaji kukatwa, au isipojibu kabisa, punguza namba: 1452, 1432, 1412, mpaka majibu yaanze kurudi, kisha panda moja moja utafute kikomo. Kwa mwalimu majibu yalirudi kwenye 1402. Ongeza 28, ambazo ni za vichwa vya pakiti yenyewe, unapata 1,430. Toa 60 za WireGuard, unapata 1,370. Namba hiyo ndiyo tuliyoiandika kwenye mipangilio ya VPN mahali palipoandikwa MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti. Mwalimu alikuwa anapakua mitihani ya majaribio kwa megabiti 2 zenye kusuasua. Baada ya kubadilisha namba hiyo moja alipata 18 zilizotulia, na 18 ndiyo karibu yote ambayo mnara ule unampa. Kama VPN imewekwa kwenye ruta, kuna pia kisanduku cha kubana MSS, yaani kiasi cha data kinachobebwa na kila pakiti ya TCP, kiwashwe.

Waifai sitaisema sana, ingawa ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Nyumba za zamani za mjini Tanga, kama za Lamu na Zanzibar, zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi kuta hizo. Ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi lakini yanagombaniwa na majirani wote. Tumia chaneli 1, 6 au 11, usiweke ya katikati. Muhimu ni kwamba kipimo cha kwanza kifanyike kwa waya, la sivyo hujui unapima ukuta au unapima VPN.

Na VPN za bure za kwenye simu, ambazo vijana wanashusha kwa wingi: seva moja wanagawana maelfu ya watu, na mwenye seva lazima apate pesa mahali fulani. Usiweke kazi ya ofisi humo.

Sisemi kwamba laini haina makosa kamwe. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu siku moja, Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu wengine waliathirika, na hakuna mpangilio wa ruta ambao ungesaidia. Siku kama hizo mtu anakaa asubiri. Vilevile kuna msongamano wa jioni, saa mbili hadi saa tano usiku, ambao ni wa kweli. Ukipima alfajiri ukapata 45 na ukapima saa tatu usiku ukapata 9, VPN ikiwa imezimwa nyakati zote mbili, basi hapo una haki yote ya kumpigia simu anayekuuzia, na una namba za kumwonyesha. Na uangalie usichanganye megabiti na megabaiti. Kampuni inauza kwa megabiti. Kompyuta inapokuonyesha faili linashuka, inahesabu kwa megabaiti, ambayo ni megabiti 8. Laini ya 20 iliyo nzima kabisa itaonyesha 2 na nusu, na mtu akadhani ameibiwa.

Liko jambo linalofanya matatizo haya yakae bila kutibiwa, nalo ni watu kuficha. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na anwani ya IP wanayotumia, yaani namba inayoitambulisha laini kwenye intaneti, kwa mujibu wa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Tangu hapo wateja wangu wengi wananong'ona wanapolitaja neno hilo, na wanapopiga simu kwa kampuni hawalitaji kabisa. Wanasema tu “intaneti ni nzito”. Anayepokea simu anapima laini, anaona ni nzima, anabaki na ushauri mmoja alionao: panda kifurushi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye kazi halali na mkataba wa kazi akamilishe taratibu za TCRA, kisha aseme waziwazi kwa fundi na kwa kampuni kwamba anatumia VPN, ya aina gani, na imewekwa wapi. Hapo ndipo ataweza kusaidiwa. Na kampuni zisaidie upande wao, kwa sababu laini nyingi za nyumbani hazina anwani yao ya kudumu; nyumba nyingi zinagawana anwani moja ya nje, na mwananchi anayetakiwa kuitaja anwani yake hana ya kuitaja. Huduma ya anwani ya kudumu itangazwe na bei yake ijulikane, isiwe siri ya wanaomjua mtu ofisini.

Ndugu Mhariri, nina maombi matatu, na nayaelekeza kwa kampuni zinazouza intaneti za nyumbani na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo ndilo sauti yetu.

La kwanza, mteja anayelalamikia kasi aulizwe mambo manne kabla ya kuuziwa kifurushi kikubwa: umepima kwa waya au kwa waifai, VPN imewashwa au imezimwa, imewekwa kwenye ruta au kwenye kompyuta, na prosesa ya ruta inasomeka asilimia ngapi wakati faili linashuka. Maswali haya hayachukui hata dakika 5, na ni nafuu kuliko mtu kulipa mwaka mzima kitu ambacho hakipokei.

La pili, ruta inayotolewa na laini ije na karatasi inayosema ukweli wake. Leo boksi limeandikwa namba kubwa kubwa za waifai, 300, 1200, ambazo ni kasi za juu kabisa za mawimbi hewani. Iandikwe pia prosesa ni ya megahezi ngapi, ina viini vingapi, matundu yake ni ya megabiti 100 au 1,000, na inapitisha megabiti ngapi kwa OpenVPN na kwa WireGuard. Anayeitumia kuangalia mpira hatajali. Mhasibu, mwanafunzi na mfasiri watajua wanunue nini.

La tatu ndilo ninaloligombania kila wiki kwa niaba ya wateja. Mtu akiamua kununua ruta yake yenye nguvu, aruhusiwe kuitumia. Kampuni nyingine zinakubali, zinaigeuza ruta yao iwe daraja tu na kumwachia mteja aendelee. Nyingine zinakataa kutoa jina na nywila ya PPPoE, au zinafunga ukurasa wa mipangilio kiasi kwamba hata namba ya MTU huwezi kuigusa, na ukipiga simu unaambiwa ni kwa usalama wako. Matokeo yake mteja anafunga ruta yake nyuma ya ile ya kampuni, mbili zinafanya kazi ya moja, na tatizo likitokea kila upande unausingizia mwingine. Jina na nywila ya laini ni vya mwenye kuilipia. Akabidhiwe kwa maandishi siku ile ile anayofungiwa huduma, pamoja na risiti yake.

Msomaji wenu,
Fundi wa mitandao,
Ngamiani, Tanga